Mashini ilipohesabu muziki wa wakulima

Kantri ya Marekani, miaka ya 1990: nyota wapya, pesa mingi, na wazee waliofungiwa mlango

Wasomaji wetu, tuanze na wimbo ambao hakuna asiyeujua. Mwisho wa mwaka wa 1992, Whitney Houston alitosha wimbo wa filimu The Bodyguard, ule wa kuagana na mpenzi. Kule Marekani ulikaa majuma 14 kwenye nafasi ya kwanza. Huku kwetu ulipigwa ku ndoa, ku redio za usiku, ndani ya taksi, mpaka hata mtu asiyejua neno moja la Kiingereza alijua ni wapi ile sauti inapandia. Leo ukiuliza watu kumi wimbo ni wa nani, tisa watakujibu: wa Whitney. Hapana. Yeye aliuimba tu, na aliuimba vizuri kabisa. Aliyeuandika ni mama wa Tennessee, Dolly Parton, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili, aliyezaliwa mwaka wa 1946 katika familia iliyoishi ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Dolly mwenyewe husimulia kwamba siku alipozaliwa, baba yake alimlipa munganga kwa gunia la unga wa mahindi, juu pesa haikuwako.

Wimbo huo ni wa kantri. Dolly aliuandika mwaka wa 1973, alipokuwa anataka kuacha kazi kwa Porter Wagoner, mwimbaji aliyemuingiza ku televizio, na mwaka uliofuata ukashika nafasi ya kwanza ya kantri. Elvis Presley akautaka. Lakini meneja wake alitia sharti: Elvis akiuimba, nusu ya haki za wimbo inakwenda kwao. Dolly akakataa. Amesimulia kwamba usiku ule alilia. Miaka karibu ishirini ikapita, Whitney akaimba, na pesa ya mwandishi ikaenda mahali pamoja tu: kwa mama Dolly.

Tumeingilia hapo juu tunataka kusimulia kantri ya miaka ya 1990, na habari hiyo, toka mwanzo mpaka mwisho, ni habari ya hesabu: nani anahesabu, nani anahesabiwa, na nani anasahauliwa wakati wengine wanagawa faida.

Muziki uliosemwa umekufa

Watu wengi kwetu wanafikiri kantri ni muziki wa wazungu wenye kofia kubwa na farasi. Si uongo, lakini si yote. Ulizaliwa kusini ya Marekani, kati ya wakulima maskini, wachimba makaa, watu wa reli na wa makanisa madogo ya mbao. Damu yake ni mbili. Fidla ilitoka Ulaya. Banjo ilitoka mikononi mwa Waafrika waliopelekwa kule utumwani, waliounda mfano wa vyombo vya kwao. Mji wake mkuu ni Nashville, na kanisa lake kubwa, tuseme hivyo, ni Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza mwaka wa 1925 na ambacho hakijakatika mpaka leo. Kila siku ya posho, jioni, watu wanakisikiliza.

Mwanzo wa miaka ya 1980, filimu moja ya John Travolta, Urban Cowboy, ilifanya watu wa miji mikubwa wavae bote na kofia. Wakacheza, wakachoka, wakavua. Mauzo yakashuka. Mwaka wa 1985 gazeti New York Times liliandika kwamba ile sauti ya Nashville inakwenda kuzikwa. Watu wa makampuni ya disiki walisoma, wakatikisa kichwa, wengine wakaamini.

Kumbe mbegu ilikuwa chini ya udongo. Randy Travis, kijana aliyekuwa anapika na kuosha masahani katika klabu moja ya Nashville, alitosha albamu mwaka wa 1986 yenye sauti ya zamani kabisa, bila mapambo, na watu wakainunua kwa wingi. George Strait, mtu wa Texas anayejua ng'ombe kweli kweli, alikuwa anaendelea pole pole bila kelele. Kiisha ukaja mwaka wa 1989. Mwaka huo mmoja, vijana wane walianza kusikika pamoja: Clint Black, Garth Brooks, Alan Jackson na Travis Tritt. Wamarekani wanawaita darasa la 89, sawa vile wanafunzi waliotoka shule moja.

Yule Alan Jackson njia yake ni ya kuchekesha kidogo. Alikuwa anafanya kazi ya kupanga barua ku televizio ya Nashville. Aliyemfungulia njia ni bibi yake, Denise, mfanyakazi wa ndege, ambaye siku moja ku kiwanja cha ndege cha Atlanta alimuona Glen Campbell, mwimbaji mkubwa wa zamani. Hakuona haya. Akamfuata, akamwambia bwana wangu anaimba, afanye namna gani? Campbell akampa karatasi yenye anwani ya ofisi yake. Tukumbuke jina la Alan Jackson, tutarudi kwake.

Vimistari vyeusi

Sasa tufike ku hesabu yenyewe. Marekani kuna gazeti la biashara ya muziki, Billboard, linalotosha kila juma orodha ya disiki zinazouzwa sana. Orodha hiyo ni sawa bilanzi sokoni: mwenye duka anaitazama kabla ya kuagiza, redio inaitazama kabla ya kupiga, benki inaitazama kabla ya kukopesha. Lakini kwa miaka mingi bilanzi yenyewe ilikuwa mdomo wa watu. Billboard iliita maduka ku simu: juma hili ni disiki gani zimetoka? Mfanyakazi wa duka anajibu. Anajibu kwa kukumbuka, ama kwa kupenda, ama kwa kumbukumbu ya zawadi aliyopewa na kampuni fulani. Na vijana waliosimama katika maduka ya disiki ya mjini, wengi wao walikuwa watu wa rock. Mama wa kijijini aliyenunua kaseti ya George Strait pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia katika duka kubwa la pembeni ya barabara, yeye nani alimhesabu?

Tarehe 25 Mei 1991 mambo yakageuka. Billboard ikaacha simu, ikachukua hesabu ya SoundScan, mashini iliyosoma vile vimistari vyeusi nyuma ya mfuko wa disiki wakati mtu analipa. Disiki moja imelipwa, moja imeandikwa. Juma lile lile la kwanza, disiki za kantri zikapanda juu ya orodha ya wote, sawa watu waliokuwa wamekalia chini ya meza na sasa meza imeondolewa. Upande wa redio kazi kama hiyo ilikuwa imekwisha kuanza mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1990: mashini zinasikiliza stesheni na kuandika ni nyimbo gani zinapigwa kweli, si zile ambazo stesheni inasema imepiga.

Miezi mine baadaye, Septemba 1991, Garth Brooks akatosha albamu yake ya tatu, Ropin' the Wind. Ikaingia moja kwa moja ku nafasi ya kwanza ya orodha kubwa, ile inayochanganya rock, pop, rap na vyote. Hakuna albamu ya kantri iliyokuwa imeanzia pale mbele yake. Guns N' Roses, wenye kelele zao zote, wakaishusha. Kisha ikarudi tena juu. Watu wa New York na Los Angeles wakaulizana: huyu Garth ni nani? Jibu lilikuwa rahisi. Ni mtu ambaye wateja wake walikuwako siku zote, ila hawakuandikwa.

Mtu wa Oklahoma

Tukae kidogo na huyu Garth, juu bila yeye miaka ile haieleweki. Alizaliwa mwaka wa 1962, akakulia Yukon, mji mdogo wa Oklahoma. Mama yake alikuwa ameimba na kurekodi disiki zamani. Ku chuo kikuu alisomea matangazo ya biashara, na tunaamini masomo yale yalimsaidia kushinda gitaa. Mwaka wa 1985 alikwenda Nashville mara ya kwanza; aliona jinsi waandishi wa nyimbo wanavyosubiri na kulipwa kidogo, akageuza njia, hakumaliza hata siku mbili. Akarudi mwaka wa 1987 pamoja na bibi yake, akauza bote dukani ili kula. Makampuni yote yakamkataa. Usiku mmoja mwaka wa 1988 aliimba ku Bluebird Cafe, kinywaji cha watu wachache tu, na mkubwa mmoja wa Capitol, kampuni iliyokuwa imekwisha kumkataa, alimsikia na akabadilisha mawazo.

Sauti yake si kubwa kuliko za wengine. Alichokileta ni onyesho. Alivaa kofia na shati la mistari sawa mcheza-farasi, lakini alipokuwa kijana alisikiliza Kiss na Queen, na njo alivyopanda ku jukwaa: moto, kamba, kuruka juu ya watu, kuvunja gitaa. Wazee wa Opry walikunja uso. Vijana walijaza viwanja. Na jambo moja tunamsifu bila kusita: aliweka bei ya tiketi chini, karibu dola 20, wakati wenzake waliuza mara mbili au tatu. Mwezi wa sita wa mwaka wa 1996, ku sikukuu ya wapenzi wa kantri pale Nashville, alitokea bila kutangaza, akaanza kutia sahihi kwa watu. Alisimama zaidi ya saa 23, bila kulala, bila kukaa kula.

Albamu yake No Fences, ya mwaka wa 1990, imeuzwa zaidi ya milioni 17 Marekani peke yake. Tarehe 7 Agosti 1997 aliimba bure katika Central Park, katikati ya New York, mji uliocheka kantri siku zote. Watu walikuwa wangapi? Watu wa kuzima moto walisema 980 000. Wengine walisema ni mamia ya maelfu tu, si zaidi. Hapo hakuna vimistari vyeusi, kwa hiyo mabishano hayajaisha.

Lakini hata Garth alikuta mpaka. Mwaka wa 1991 video yake ya The Thunder Rolls ilionyesha bwana anayepiga bibi yake. Televizio mbili kubwa za kantri zilikataa kuionyesha, na mwaka huo huo wanamuziki wenzake wakaipa zawadi ya video bora. Mwaka wa 1992 alikuwa Los Angeles wakati mji unaungua kwa fujo za Rodney King, akatoka pale na wimbo juu ya uhuru wa watu wote, rangi zote. Redio mingi hazikuupenda. Mtu aliyezoea nafasi ya kwanza, wimbo ule ulimfikisha ya 12.

Wakati huo huo Billy Ray Cyrus, mtu wa Kentucky, alipiga wimbo wa kuchezwa mistari mistari, watu hamsini wanageuka pamoja sawa waaskari wa paredi. Albamu yake ya 1992 ilikaa majuma 17 juu kabisa. Sisi muziki ule haukutugusa moyo, tuseme ukweli, lakini miguu ilikuwa inakwenda yenyewe.

Wamama, na mtoto wa Mufulira

Upande wa wamama njo tunapenda zaidi. Tarehe 16 Machi 1991, ndege iliyobeba watu wa Reba McEntire iligonga mlima karibu na San Diego. Wanamuziki saba, msimamizi wa safari na marubani wawili, wote wakafa. Reba alikuwa amebaki mjini kulala. Miezi saba baadaye alitosha albamu nzima ya huzuni, akawapa marehemu wale. Watu walitegemea atanyamaza mwaka. Yeye aliimba, na albamu ikauzwa kwa mamilioni. Mwaka wa 1994 Martina McBride aliimba Independence Day, wimbo ulioandikwa na Gretchen Peters, juu ya mama anayepigwa nyumbani na moto unaomaliza ile nyumba. Stesheni fulani ziliukataa. Wamama waliomba upigwe, na mwaka uliofuata ukachaguliwa wimbo wa mwaka Nashville. Kisha mwaka wa 1996 akaja LeAnn Rimes, mtoto wa miaka 13, mwenye sauti ya mtu mzima aliyekwisha kuzika. Mwaka uliofuata alibeba Grammy mbili akiwa na 14.

Na Shania Twain. Hapa, watu wa Katanga, tegeni sikio.

Shania ni wa Canada. Alikulia Timmins, mji wa migodi ya dhahabu kaskazini ya Ontario, katika nyumba ambamo chakula kilikosekana. Tangu miaka minane mama yake alikuwa anamuamsha usiku, amupeleke kuimba katika baa baada ya saa ya kufunga pombe. Mwaka wa 1987 wazazi wote wawili walikufa katika aksidenti ya gari. Alikuwa na miaka 22. Aliacha ndoto yake, akawalea wadogo zake kwa kuimba ku hoteli ya watalii, mpaka walipoweza kusimama. Ndiyo sababu albamu yake ya kwanza ilingoja mwaka wa 1993, na haikuuzwa.

Lakini mtu mmoja aliisikia. Jina lake Robert John Lange, wanamuita Mutt, fundi wa studio aliyetengeneza AC/DC na Def Leppard. Na huyu Mutt Lange alizaliwa wapi? Mufulira. Ndiyo, Mufulira hii hii ya Zambia: unatoka Lubumbashi, unafika Mokambo, unavuka mpaka, na mji uko pale mbele yako. Alizaliwa pale mwaka wa 1948, baba yake mzungu wa Afrika Kusini, enjinieri wa mina. Na toka utoto alipenda kantri, hasa nyimbo za Slim Whitman.

Basi mtoto wa mji wa shaba na mtoto wa mji wa dhahabu walionana Nashville mwezi wa sita wa 1993. Mwezi wa kumi na mbili walikwisha kuoana. Wakaandika nyimbo pamoja, yeye mama akileta maneno na ujanja wa mwanamuke asiyetaka kuchezewa, yeye bwana akipanga ngoma na sauti nyuma yake sawa ukuta wa matofali. Mwaka wa 1995 The Woman in Me. Mwezi wa kumi na moja wa 1997 Come On Over. Hii ya pili imeuzwa karibu milioni 40 duniani, na hakuna albamu ya kantri iliyouzwa kuliko hiyo. Walipoipeleka Ulaya, waliitengeneza upya: wakapunguza fidla, wakapunguza ile gitaa inayolala na kulia, wakaongeza mashini. Wazungu wa Ulaya walinunua kantri bila kujua ni kantri. Nashville wengine walinung'unika kwamba huyu dada anaonyesha kitovu na hafanyi konsere. Alipoanza safari ya maonyesho mwaka wa 1998, viwanja vikajaa, na maneno yakaisha.

Asiyeandikwa

Mashini ya SoundScan ilihesabu kilichouzwa. Haikuweza kuhesabu kile ambacho hakikupewa nafasi ya kuuzwa. Tunasema juu ya Weusi.

Nyota mmoja wa kwanza kabisa wa Opry, katika miaka ya 1920, alikuwa Mweusi: DeFord Bailey, mpiga harmonika, aliyeiga treni mpaka watu wakatafuta reli ilikuwa wapi. Mwaka wa 1941 alifukuzwa. Aliishi Nashville ile ile kwa kung'arisha viatu vya watu. Baada yake, Opry haikuwa na mwanachama Mweusi hata mmoja mpaka tarehe 1 Mei 1993, siku ilipompokea Charley Pride, mtoto wa wavuna-pamba wa Mississippi, aliyekuwa na nyimbo 29 zilizofika nafasi ya kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka 59, na redio zilikuwa zimekwisha kuacha kumpiga.

Mwaka mmoja mbele, kampuni ile ile ya Garth ilikuwa imemtosha Cleve Francis, munganga wa moyo kutoka Virginia, Mweusi, mwenye sauti tamu sana. Albamu tatu. Video ziliingia ku televizio, redio hazikufuata. Mwaka wa 1995 alirudi ku hospitali yake, lakini mbele ya kuondoka alisaidia kuanzisha chama cha wanakantri Weusi. Pride alishika nafasi ya kwanza mara ya mwisho mwaka wa 1983. Mweusi mwingine kuimba peke yake na kufika pale ku redio za kantri, ilingoja mwaka wa 2008. Kwa hiyo katika miaka yote kumi ya utajiri huu tunaosimulia, hakuna hata mmoja. Na banjo ilikuwa pale studio, inapigwa.

Wazee

Pesa ilipoingia, redio nazo zikakuwa biashara ya namna nyingine. Stesheni za kantri zilikuwa zaidi ya 2000. Mwezi wa pili wa mwaka wa 1996, Rais Clinton alitia sahihi sheria mpya ya mawasiliano, iliyoondoa mpaka wa stesheni 40 kwa mwenye mali mmoja. Matajiri wakanunua, miaka michache tu na kampuni moja ilikuwa na zaidi ya stesheni 1000. Mtu mmoja ofisini, mbali, anapanga nyimbo za miji ambayo hajawahi kuiona. Na watangazaji wa bidhaa walitaka wasikilizaji wa miaka 25 mpaka 54. Sauti za wazee zilikatwa kimya kimya, bila barua, bila kuagwa.

Johnny Cash alikuwa amefukuzwa na kampuni yake, Columbia, mwaka wa 1986, baada ya karibu miaka thelathini. Aliyemuokota ni kijana mwenye ndevu ndefu aliyezoea kutengeneza rap na rock, Rick Rubin. Alimkalisha sebuleni kwake na gitaa moja, akamwambia: imba. Albamu ile ya 1994 haina ngoma, haina kwaya. Ni mzee na pumzi yake. Ilipata Grammy, lakini kama muziki wa folk, si kantri. Ile iliyofuata ilipewa Grammy ya albamu bora ya kantri mwaka wa 1998, na redio za kantri hazikuwa zimeipiga. Rubin na Cash wakanunua ukurasa mzima wa Billboard kuwashukuru wakubwa wa Nashville na wa redio kwa msaada wao. Pembeni ya shukrani hizo waliweka picha ya zamani ya Cash, uso umekasirika, ananyoosha kidole cha katikati. Tusieleze zaidi, gazeti linasomwa na watoto.

Na George Jones. Ukiuliza waimbaji wa kantri wenyewe nani ana sauti kuliko wote, wengi watataja jina hilo moja. Alikunywa pombe maisha yake yote, akavunja ndoa, akakosa maonyesho mpaka wakampa jina la utani kwa sababu hiyo. Tarehe 6 Machi 1999 aligonga daraja na gari yake karibu na nyumbani. Alikuwa amekunywa, alikiri mbele ya tribinali, na toka siku ile aliacha pombe. Mwaka ule ule akatosha Choices, wimbo wa mtu anayeangalia nyuma njia alizochagua. Ukachaguliwa kushindania zawadi kubwa ya Nashville, ile ya CMA. Watengenezaji wa kipindi cha televizio wakamwambia: karibu, mzee, lakini ukate wimbo, muda ni mfupi. Mzee wa miaka 68, aliyetoka kaburini juzi. Akasema kama si wimbo mzima, anabaki nyumbani. Akabaki.

Tarehe 22 Septemba 1999, Alan Jackson, yule wa barua, alipanda ku jukwaa kuimba wimbo wake mpya. Alianza vizuri. Katikati akapunguza mkono, orkestra ikamfuata bila kushangaa, na akaingia katika Choices. Watu ndani ya chumba walichelewa kidogo kuelewa. Kisha wakasimama, mmoja mmoja, halafu wote. Aliimba kipande, akageuka, akatoka moja kwa moja na gitaa yake. Hakuinama, hakuaga.

Siku sita baada ya pale, Garth Brooks alitosha albamu akiwa amevaa nywele za bandia na jina la uongo, Chris Gaines, mtu wa pop asiyekuwako duniani. Mwaka mmoja mbele, albamu yake ya maonyesho ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni moja katika juma moja la kwanza, jambo ambalo hakuna mwanakantri aliyekuwa amelifanya mbele yake. Hii ya nywele za bandia haikufika hata milioni nusu juma la kwanza, na mwaka wa 2000 akatangaza kwamba anapumzika, akalee watoto wake.

Jones, yeye, mwezi wa pili wa mwaka wa 2000 alipewa Grammy kwa Choices. Ku orodha ya redio za kantri, wimbo huo haukupita nafasi ya 30.